Mguu wa Mzee Breki

Wauguzi ndio waliompa jina la Breki. Alipokuwa dereva wa gari la wagonjwa, wenzake walifika hospitali kwa mbwembwe, ving'ora vikilia na mgonjwa amesukumwa hadi ukingoni mwa kitanda. Yeye alikuja kwa kasi ile ile, lakini alipokanyaga breki gari lilisimama kama mtu anayeketi kwenye kiti, na chupa ya dripu haikutikisika. Alipostaafu alirudisha sare, funguo na redio ya mawasiliano, ila jina akaondoka nalo. Mtaani wakamwita Mzee Breki, na wengi hawakujua kama alikuwa na jingine.

Kustaafu hakukumtoa nyuma ya usukani. Binti yake, mkunga katika hospitali ile ile, alikuwa amenunua gari dogo jeupe la kisasa, lenye injini ndogo inayosaidiwa na turbo. Turbo, muuzaji alimweleza, ni feni inayoisukumia injini hewa ya ziada, ili injini ndogo ifanye kazi ya injini kubwa. Mkunga alifanya kazi kwa zamu, na siku ambazo hakulihitaji gari lilibaki kwa wazazi. Mzee akawa dereva wa mkewe: kwenda kwenye mazoezi ya goti, kwenda sokoni, kwenda kuhani msiba, kwenda kumsuta shoga yake aliyeahidi kuja asije. Mke alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, akisema maneno mengi kuliko kilomita. Waliyapenda maisha hayo wote wawili, ingawa hakuna aliyewahi kuyasifu kwa sauti.

Kisha likatokea lile la makutano.

Walikuwa wakitoka kwenye mazoezi ya goti. Jua lilikuwa kali na foleni imewachosha. Walipofika mahali barabara ya hospitali inapoingia barabara kuu, mzee alisimama, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena. Lori lililobeba saruji lilikuwa linakuja, lakini kwa mbali. Nafasi ilikuwepo, ya kutosha na ya kubaki. Akakanyaga mafuta.

Gari halikuzimika, wala halikwenda. Lilisogea kidogo, pua yake ikaingia barabarani, kisha likawa kama mtu aliyeitwa naye anauliza, "Nani, mimi?" Mzee akakanyaga hadi mwisho. Injini ikaguna. Honi ya lori ikajaa masikioni mwao, mkewe akaishika dashibodi kwa mikono miwili, na ndipo gari lilipozinduka, likaruka mbele kwa nguvu zake zote, likaingia upande wake huku upepo wa lori ukilitikisa kwa nyuma.

Mzee aliegesha mbele ya duka la rangi. Akazima injini, mikono ikabaki kwenye usukani.

"Tupo?" mkewe aliuliza.

"Tupo."

"Basi tupumzike kidogo."

Mkewe akafungua mkoba, akaufunga bila kutoa kitu. Mwishowe mzee akasema, "Nilichelewa kukanyaga."

"Mimi sikuona kama ulichelewa."

"Nilichelewa, mama watoto. Mguu umekuwa mzito."

Hakumwambia kwamba haikuwa mara ya kwanza. Wiki chache kabla, akiwa peke yake, alitaka kulipita trekta kwenye mlima, gari likasita vivyo hivyo, akalazimika kurudi nyuma ya trekta na kupanda nalo kinyonge hadi juu. Siku ile alijiambia ni uchovu. Sasa uchovu haukutosha kuwa sababu. Baba yake mwenyewe alianza kuzeeka miguuni. Aliwahi kumwona akitazama kizingiti cha mlango kama mtu anayetazama mto.

Jioni ile, binti yake alipokuja, mzee alimwekea funguo mkononi. "Kaa nalo," akasema. "Mimi imetosha."

Mkunga alikuwa ameshasikia habari ya lori kutoka kwa mama yake. Alifungua mdomo kusema hapana, lakini kabla ya neno ilitoka pumzi, ndefu, ya mtu aliyeondolewa wasiwasi. Baba yake aliisikia. Hakumlaumu. Angekuwa yeye, angeshusha pumzi hiyo hiyo.

Binti hakuliachia hapo. Alimpeleka baba yake kwa daktari, akapimwa macho, sukari, nguvu za misuli. Daktari akamgonga goti kwa kinyundo, mguu ukarusha teke nusura umpate. "Mguu mzima huu," daktari akasema akicheka. Kisha, akiandika, akaongeza kwa heshima tu, kama mtu anavyosema lolote ili kuaga, "Ila mzee wangu, umri nao una mambo yake." Katika yote aliyoambiwa siku ile, mzee aliondoka na hilo moja.

Gari nalo lilipelekwa kwenye gereji ya karibu. Wakalichomekea kompyuta, kompyuta haikuona kosa lolote. Wakasafisha hapa na pale, wakabadilisha plagi. "Gari za turbo huwa zinachelewa kidogo," fundi wa pale alisema. "Ni kawaida yake. Dereva akizoea, hataona." Mkunga aliliendesha tangu siku hiyo, kazini na kurudi, na hakuona. Basi kila mtu akamaliza hesabu kimoyomoyo, na jibu likawa lile lile ambalo mzee alikuwa ameshalipata mbele ya duka la rangi.

Mkewe ndiye hakulikubali.

Kwanza alivumilia. Alikwenda kwenye mazoezi kwa gari la kukodi, mumewe kando yake kwenye kiti cha nyuma. Kila dereva alipokaribia makutano, mguu wa kulia wa mzee ulikanyaga sakafu. Mke aliutazama. Dereva akisita, mguu unakanyaga. Mtoto akikatiza njia, mguu ulikuwa tayari umeshakanyaga kabla dereva hajamwona. Nyumbani mzee alikuwa amepungua. Hakuwa mgonjwa, ila alikaa barazani akitazama majirani wakiegesha vibaya, wala hakuwasema. Mtu ambaye hasemi jirani akiegesha vibaya, mkewe alijua, huyo anakwisha.

Siku moja baada ya chakula cha mchana alileta tofali kutoka uani, akaliweka chini mbele ya kiti cha mzee.

"Nini hiki?"

"Kanyagio. Weka mguu pembeni. Nikisema 'sasa', kanyaga."

"Mama watoto, mimi si mtoto."

"Ungekuwa mtoto ningekuchapa. Weka mguu."

Akaweka. Mke akasimama nyuma yake asimwone uso. Akanyamaza, akaanza kuimba, akaacha, akazungumzia bei ya vitunguu, na katikati ya vitunguu akasema, "Sasa!" Mguu ulitua kwenye tofali kabla neno halijaisha. Akarudia. Akamdanganya kwa "sa… sabuni imekwisha," na mguu ukainuka, ukasita, ukarudi mahali pake. Hapo mke alicheka hadi akakaa chini.

"Mguu gani mzito huu? Huu mguu nimeishi nao. Nikikuambia jambo usilolipenda, unapiga chini ya meza kabla sijamaliza. Haujawahi kuchelewa hata siku moja."

"Nyumbani si barabarani," mzee akasema. Lakini alilitazama tofali kwa muda mrefu.

"Basi twende barabarani. Lakini kwanza tupite kwa Taratibu."

Taratibu alikuwa fundi wa magari, mwanamke wa makamo aliyekuwa na gereji nyuma ya karakana ya mbao. Jina alilipata kwa wateja. Aliyeingia kwa pupa, akianza kutaja vipuri vya kununua kabla ya salamu, alisikia, "Taratibu, ndugu yangu, taratibu." Mke wa mzee alimjua kwa sababu walifanya mazoezi pamoja, mmoja goti, mwingine bega.

"Gari linachelewa," mzee akasema, "mguu unachelewa, na wewe unanipeleka kwa Taratibu?" Ilikuwa mzaha wake wa kwanza tangu siku ya lori. Mkewe hakutaka kumharibia, akaenda kumpigia binti yao simu akiwa jikoni, ili asionekane akifuta macho.

Siku ya mapumziko ya mkunga wakaenda wote watatu, yeye akiendesha. Uani kwa Taratibu kulinuka pumba za mbao na oili. Fundi alitoka chini ya gari moja akiwa na miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama kaniambia gari linalala. Nani alikuwa anaendesha lilipolala?"

Mzee alitazama chini. "Mimi. Lakini huenda si gari, fundi. Nina umri."

"Umri tutauuliza baadaye. Niambie, lilikuwa limepoa au lilikuwa limechemka kwa mwendo?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Mzee alifikiri. "Limechemka. Mara zote mbili." Mkewe alimgeukia kwa neno "mbili", lakini akameza lake.

"Ulikuwa unakwenda, au umesimama?"

"Mara moja mlimani, nikitaka kupita trekta. Mara ya pili nimesimama, nikitaka kuingia barabara kuu."

"Ulikanyaga kidogo, au ulikanyaga kwa haja?"

"Kwa haja."

"Lilipozinduka, lilianza polepole au liliruka?"

"Liliruka."

"Na asubuhi, limepoa, ukienda sokoni?"

"Halina neno. Linateleza tu."

Taratibu akavaa miwani. Alikuwa ameshaanza kupendezwa. "Mtu anayesingizia gari," akasema, "huwa hakumbuki haya."

Akawaeleza akiwa ameegemea boneti. Zamani, alisema, kanyagio la mafuta lilikuwa na waya uliokwenda moja kwa moja hadi kwenye injini. Mguu na injini vilikuwa vimeshikana mikono. Katika magari ya siku hizi havijuani kabisa. Mguu unaiambia kompyuta, kompyuta inafungua mlango wa hewa, turbo inasukuma hewa iingie, ndipo nguvu inapopatikana. "Ni salamu inayotumwa kwa mikono ya watu. Ikichelewa kufika, si lazima aliyetuma ndiye mwenye kosa. Kuna mmoja njiani kaikalia. Na kweli turbo yoyote huvuta pumzi kidogo kabla ya kusukuma, hapo wenzangu hawakukosea. Lakini mzee anachonieleza si kuvuta pumzi. Huo ni usingizi."

"Kompyuta haikuona kosa," mkunga akasema.

"Kompyuta hupiga kelele jambo likivuka mpaka na kukaa huko. Likivuka na kurudi upesi, inanyamaza. Wewe wajua, kuna uchungu unaokuja mjamzito akiwa nyumbani, akifika kwenu hospitalini unatulia."

Mkunga akacheka. "Kila siku."

"Basi twende tukauone ukiwa nyumbani kwake."

Taratibu alichomeka kifaa chake chini ya usukani, akashika tableti mapajani, akamwambia mkunga aendeshe. Walizunguka mjini hadi injini ikachemka, wakapanda mlima wa matangi ya maji, wakashuka. Gari lilikwenda kama malaika.

"Unaendesha kama umebeba mayai," Taratibu alimwambia.

"Nabeba watoto wachanga," mkunga akajibu. "Nimezoea."

"Ndiyo maana halikusumbui. Wewe hulidai. Atakayelidai ni mzee."

Mzee, aliyekuwa nyuma na mkewe, akatikisa kichwa. "Hapana. Mna maisha yenu mbele. Siwezi kuwabeba watu watatu kwa mguu ambao siuamini."

Mkunga alimtazama baba yake kwenye kioo. Alikuwa amesikia wagonjwa wengi wakisema siwezi, lakini si huyu.

Taratibu aligeuka kwenye kiti. "Mzee wangu, mlima huu hauna makutano, na mchana huu hauna magari. Likilala, tutapanda polepole, basi. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kama ni mguu, nitakwambia ni mguu, sitakupamba. Mstari wa kwenye tableti hii haudanganyi kwa heshima."

Ni hilo neno la mwisho lililomshusha kwenye kiti cha nyuma. Tangu siku ya lori watu wote walikuwa wamemsemesha kwa heshima, akawa hajui tena nani anamwambia kweli.

Alihamia mbele. Akasogeza kiti, akarekebisha vioo, akafunga mkanda. Waliteremka hadi chini, akageuza, akaanza kupanda. Mtu yeyote mwenye macho angeona kwamba gari limempata mwenyewe: gia zilibadilika bila kusikika, kona ziliingiwa kwa utulivu. Ila shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

"Nikisema 'sasa'," Taratibu akasema, "kanyaga hadi chini."

"Hilo tumeshafanya na tofali," mkewe akasema kutoka nyuma, na hakuna aliyemwelewa ila mmoja.

Mlima ulisimama mbele yao.

"Sasa."

Mzee akakanyaga. Na gari likalala. Lile lile, guno lile lile, kama vile linazama kwenye unga. Aliwaza, wameona, sasa wote wameona. Kisha gari likaruka, likawasukuma vichwa nyuma, naye akaachia mafuta, akaliegesha kando, taratibu, kwa uzuri wake wote wa zamani. Hakugeuka kumtazama mtu.

"Nilichelewa?" akauliza.

Taratibu aligusa tableti, akairudisha picha nyuma, kisha akamwekea mbele ya usukani. Kulikuwa na mistari, kila mmoja na rangi yake, inayotambaa kutoka kushoto kwenda kulia.

"Mwanzo sote tupo chini, tunapanda polepole. Hapa ndipo niliposema 'sasa'. Tazama huu wa kijani."

Mstari wa kijani ulikuwa umelala, na ghafla ukasimama wima kama mlingoti.

"Nauona."

"Huo ni mguu wako."

Mzee alisogeza uso. "Upi?"

"Wa kijani. Umekanyaga pale pale. Kijana wa miaka ishirini asingekushinda. Tazama wa njano, mlango wa hewa; nao umefunguka sawa na mguu. Ujumbe umepokelewa, kompyuta haina deni. Sasa tazama mwekundu. Huu ni msukumo wa hewa unaofika kwenye injini. Mguu umeshafika juu, mlango umeshafunguka, huyu bado anajikongoja huku chini. Anakuja… anakuja… ndiye huyo, anaruka. Aliyechelewa ni huyu. Hewa."

"Huu wa kijani ndio mguu wangu?" mzee akauliza tena.

"Ndio huo, mzee wangu," Taratibu akasema.

Mzee alivua miwani yake. Akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akautazama mstari wa kijani, akaivua tena kwa sababu kufuta hakukusaidia. Kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu duka la rangi kilikuwa kinatoka, na kilikuwa kikubwa kuliko alivyodhani. Alilazimika kukipa nafasi. Mkewe alinyoosha mkono kutoka nyuma, akamshika bega. Kila mtu alingoja aseme "nilisema", maana haki hiyo alikuwa nayo. Hakusema. Alisema, "Pumua, mume wangu," na yeye mwenyewe akapumua.

Aliyelia wazi ni mkunga. "Baba, mimi nilikuamini uliposema ni mguu," akasema. "Sikuuliza hata swali moja."

"Hata mimi nilijiamini vibaya," mzee akasema. "Tusigombanie kosa, gari lipo."

Kujua nani kachelewa na kujua kwa nini ni mambo mawili, na la pili lilimtoa Taratibu jasho. Turbo, waliporudi gereji, alisema, inaweza kuwa imechoka yenyewe, na hiyo ni kazi kubwa. Au kuna kilango kinachoiongoza kimekwama. Au hewa inasukumwa vizuri lakini inavuja njiani kabla ya kufika. Alianza na kilango. Kilifunguka na kufunga bila kukwama. Akaichungulia turbo kwa tochi, akaizungusha feni yake kwa kidole. "Nzima," akasema. "Inazunguka kama pia."

Akaleta mashine ya moshi. Moshi mweupe ulipulizwa ndani ya mabomba ya hewa ili utokeze penye tundu. Wote wakainama kuzunguka injini, mke wa mzee naye, goti likimlalamikia. Walingoja. Moshi haukutoka popote.

Mzee akaanza kunyong'onyea. "Kwa hiyo hakuna tundu."

"Kwa hiyo moshi haujaliona," Taratibu akasema. "Moshi huingia kwa upole, kama binti yako. Nadhani hili tundu nalo linataka kudaiwa." Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafikiri bila kuona haya ya kufikiri mbele ya watu. Kisha akamwomba mkunga awashe injini na kuiacha ichemke sawasawa. Ilipochemka akaizima, akaziba mabomba upande mmoja, akaunga mpira wa kompresa upande wa pili, akaongeza hewa kidogo kidogo hadi kufikia msukumo ambao turbo yenyewe hutoa. Akachukua chupa ya maji ya sabuni, akaanza kunyunyizia kila kiungo, juu na pembeni. Hakuna kitu. Akalala chali kwenye ubao wake wa magurudumu, akajisukuma chini ya gari.

Walisikia chupa ikinyunyiza. Walisikia kimya. Halafu wakasikia cheko.

"Mzee, njoo umwone mchawi wako!"

Mzee Breki alilala chini kwenye pumba za mbao, shati safi na yote, akaingiza kichwa. Kuna bomba nene la mpira linalotoa hewa ya turbo kwenye rejeta inamopoozwa na kuipeleka kwenye injini. Upande wa chini wa bomba hilo, karibu kabisa na kibano kilicholikaza, pale ambapo jicho la mtu aliyesimama haliwezi kufika, povu lilikuwa linachemka. Taratibu akapunguza hewa: povu likatulia, mpira ukafumba, usione hata mkwaruzo. Akaongeza hewa: mpira ukafumbuka kama mdomo wa samaki.

"Ukipoa, umefumba," Taratibu akasema. "Ukiendeshwa kwa upole, umefumba. Ukichemka, mpira unalainika. Ukikanyaga kwa haja, turbo inasukuma, mdomo unafunguka, hewa yako inamwagika barabarani. Turbo inabidi ikimbie zaidi kufidia. Ikishafidia, ndipo gari linaruka. Pale kwenye makutano ulikuwa unasubiri hewa iliyokuwa imeshatoka nje."

"Mpira tu," mzee akasema.

"Mpira tu."

Alicheka akiwa amelala pale pale, mikono kifuani, hadi pumba za mbao zikamwingia kinywani akakohoa. Mkewe aliona miguu miwili tu inayotikisika chini ya gari, akamuuliza binti yake kama baba yake anacheka au anaumwa. "Anacheka, mama," mkunga akasema. "Muache."

Bomba jipya lilipatikana siku iliyofuata. Taratibu akalifunga kwa kibano kipya, akarudia kupima kwa sabuni, povu halikutokea. Kisha akampisha mzee kwenye usukani bila kuuliza nani ataendesha.

Walipanda mlima wa matangi wakiwa wanne. Taratibu hakusema "sasa". Alimwachia tu. Mahali penye mwinuko mkali mzee alikanyaga hadi chini, na gari likaitika. Likanyanyua pua na kwenda, bila guno, bila maswali, hadi kwenye matangi, na kule juu akaachia mafuta kwa kicheko kifupi cha mtu aliyeitwa na rafiki. Kwenye tableti wa kijani, wa njano na mwekundu walipanda pamoja, mwekundu nyuma kidogo tu.

"Ile pumzi yake," mzee akasema.

"Ile pumzi yake," Taratibu akakubali, akachomoa kifaa.

Walipomrudisha fundi gerejini na kushukuru hadi akawaambia waende zao, mkunga alihamia kiti cha mbele. Kisha mzee akasema, macho barabarani, "Mwanangu, siku moja itakuwa mguu kweli."

"Najua, baba."

"Siku hiyo nitakwambia mwenyewe. Lakini na wewe uniulize maswali kwanza, kama yule fundi. Limechemka au limepoa. Kidogo au kwa haja. Usiniambie umri una mambo yake."

"Nitakuuliza," mkunga akasema. "Na ukisema ni gari, nitaanza na gari."

"Na akisema ni mkewe?" mama akauliza kutoka nyuma, na wote wakacheka, hata mzee, ambaye kwa kawaida hakucheka akiendesha.

Walimshusha mkunga kwenye lango la hospitali, kwa kuwa zamu yake ilikuwa inaanza. Aliinama dirishani, akawaambia waende polepole, akajisikia alivyosema, akajirekebisha: "Nendeni mnavyojua."

Mke akahamia mbele, akaweka mkoba mapajani. Bado ulikuwa mchana na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa pili wa mlima.

"Dada yangu," akasema, "tumemwambia tutakwenda kumwona tangu lini?"

"Kule ni mbali. Na mvua inakuja."

"Nimekuuliza umbali, mimi?"

Mzee Breki akawasha taa ya kuonyesha, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena. Mkewe alikuwa ameshaanza kumsimulia habari ndefu ya shemeji yao na mbuzi wa jirani. Walipofika kwa dada mtu mvua ilikuwa inapiga mabati, na habari ilikuwa haijafika hata nusu. Ikabidi wakae ndani ya gari, mlangoni kabisa, dada akiwapungia mkono na kuwashangaa kutoka barazani, hadi habari iishe.